Kutoka Kinu hadi Kiroba: Historia ya Unga wa Ugali

Ugali huhesabiwa kuwa pishi la nyumbani kuliko mapishi yote. Chipsi hununuliwa, mkate hununuliwa, tambi za pakiti humwagiwa maji ya moto zikaliwa; ugali husongwa. Hata hivyo msongaji wa leo, awe Mwanza, Nairobi au Dar es Salaam, huianza kazi pale ambapo bibi yake alikuwa akiimalizia: unga u tayari, mkavu, mweupe, umefungwa. Kilichobaki ni sufuria, maji, moto na mwiko, na nusu saa haifiki. Ile kazi ya siku tatu nne iliyoutangulia unga huo haikufutika. Ilihama kutoka uani kwenda mashineni, na kutoka mashineni kwenda kiwandani. Kuhama huko ndiko kulikoleta chakula cha mkato Afrika Mashariki, miaka mingi kabla ya kibanda cha kwanza cha chipsi.

Kutengeneza unga mweupe kwa kinu ni kazi ya hatua nyingi, na kila hatua ina neno lake. Mahindi makavu hupukuchuliwa kwanza, kisha hukobolewa. Punje hutiwa kinuni zikanyunyiziwa maji kidogo ili ganda lilegee, halafu hutwangwa kwa mapigo mepesi. Kinachotakiwa hapo ni kuvua ganda bila kuvunja punje, na mkono usiojua hugeuza kila kitu kuwa chenga. Kisha hupepetwa kwa ungo, pumba zikapeperuka, mahindi yakarudi kinuni hadi yawe meupe. Hapo kazi haijafika hata nusu. Mahindi yaliyokobolewa hulowekwa kwenye chungu au pipa siku mbili au tatu, yakalainika na kuanza kuchacha. Harufu hiyo huingia hadi kwenye unga, na wapo wazee ambao mpaka leo huona ugali usio na uchachu ule umepungukiwa. Baada ya kuoshwa na kuchujwa maji, mahindi hutwangwa tena, safari hii kwa nguvu. Unga huchekechwa, chenga hurudishwa kinuni, na kilichopita kwenye chekeche huanikwa juani juu ya jamvi. Mtoto hupewa fimbo akae hapo kufukuza kuku na kutazama mawingu.

Karibu kila mahali kazi hii ilikuwa ya wanawake na wasichana. Unga wa kinu hautunziki kwa muda mrefu kama wa dukani, kwa hiyo ulipokaribia kwisha mzunguko wote ulianza upya. Wanawake wawili waliweza kutumia kinu kimoja, michi yao ikipishana bila kugongana, na nyimbo za kutwanga zilikuwa za kushika mapigo. Ndani ya nyimbo hizo mawifi na wakwe walisemwa bila kutajwa majina. Kinu nacho hakikuwa na siri: mlio wake ulimwambia jirani ni nyumba gani ina nafaka, na kimya chake kikamwambia ni nyumba gani haina. Kiswahili kilipotafuta mfano wa jasho lisilo na faida kiliupata hapo hapo, kikasema mtu anatwanga maji kwenye kinu.

Wanaosifu kinu leo, wengi wao hawakupata kuushika mchi wakiwa na njaa saa kumi na moja alfajiri.

Mahindi yenyewe si nafaka ya kale sana katika kinu hicho. Kabla yake bara lilikula mtama, uwele na ulezi, na nafaka ndogo kama ulezi zilisagwa kwa mawe kuliko kutwangwa: jiwe kubwa chini, dogo mkononi, msagaji amepiga magoti. Pwani palikuwa na kijaa, mawe mawili ya duara ambapo la juu huzungushwa kwa mpini. Mahindi yalitoka Amerika, ambako wakulima wa Mexico walianza kuyalima maelfu ya miaka iliyopita, yakafika pwani hii baada ya Wareno kuanza kupita, yaani baada ya 1498. Jina lake linaelekeza India, kwa sababu kwa mtu wa pwani kilichokuja na merikebu za upepo wa kaskazi kilikuwa cha upande wa Wahindi hata kama kilizaliwa kwingine.

Mmea ulisafiri bila mapishi yake. Huko Mexico wanawake walichemsha mahindi kwenye maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na kitendo hicho hufungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Watu wa kwingineko duniani walioyapokea mahindi bila kuupokea ujuzi huo, wakayafanya karibu chakula chao cha pekee, walipata ugonjwa wa pelagra. Ulitesa sana maskini wa Italia ya kaskazini na wa kusini mwa Marekani. Afrika Mashariki mahindi yalikuta maharage, karanga, samaki, maziwa na mboga za majani, na kwa karne kadhaa yalibaki chakula cha pembeni, yakiliwa zaidi mabichi, ya kuchoma au ya kuchemsha, wakati wa kusubiri mtama ukomae.

Kilichoyapandisha cheo ni safari na ajira, na ushahidi umo ndani ya neno moja: posho. Katika misafara ya karne ya 19 posho ilikuwa chakula cha njiani cha mpagazi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ujiji kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba kila mtu alipewa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba kilikuwa kipimo cha ujazo, karibu ratili moja na nusu. Vibaba viwili hufanya kisaga, vinne hufanya pishi. Wakoloni walilirithi neno hilo pamoja na utaratibu wake. Kwenye mashamba, reli na migodi, mwajiri alimlisha mfanyakazi, na kipimo kilichozoeleka Kenya kilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku. Uganda neno likahamia kwenye chakula chenyewe: huko posho ndiyo ugali, chakula cha shule, jeshi na jela, ambacho kwa Muganda aliyezoea matoke hakikuwa mlo wa heshima. Katika migodi ya shaba ya Katanga wafanyakazi walilishwa unga huo huo, na wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi wanauita ugali wake bukari. Tanzania posho imepanda zaidi, sasa ni fedha za safari na za vikao, na bunge limewahi kuigombania.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoonyesha hatari ya unga uliotengenezwa na mtu asiyekula. Waingereza waliwakusanya mamia ya maelfu ya wapagazi kubeba mizigo ya majeshi yaliyomfukuza Mjerumani, na kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoacha majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wengi walitoka nchi za mtama, za ndizi au za viazi. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, wenye chenga na makapi, wakaupika kwa haraka kwa sufuria chache na kuni mbichi. Ugali usioiva uliwaharibu matumbo, kuhara damu kukawamaliza. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na si kwa risasi. Kile ambacho kila mama alikijua kuhusu kukoboa, kuloweka na kuivisha kilikuwa kimerukwa kwa ajili ya wepesi wa kugawa.

Baada ya vita mahindi hayakurudi nyuma. Walowezi wa Kenya walikuwa wameleta mbegu nyeupe zenye punje kubwa kutoka Afrika ya Kusini, mojawapo ikiitwa Hickory King, na wanunuzi wa Ulaya waliotaka mahindi ya kutengenezea wanga waliipendelea nyeupe. Mahindi ya Waafrika, yenye punje za njano, nyekundu na zambarau kwenye gunzi moja, yalipata bei ya chini. Ndani ya kizazi kimoja hivi weupe wa unga, uliokuwa matakwa ya soko la nje, uligeuka kuwa ladha ya nyumbani. Viwanda navyo vilikuwa vimeanza kuota. Unga Limited ilianzishwa mwaka 1908 na Lord Delamere kwa ajili ya ngano ya walowezi, ikaja kuwa msagaji mkubwa wa mahindi. Hata mjini Arusha iko kata inayoitwa Unga Limited, na wakazi wengi hulitamka jina hilo bila kukumbuka kinu kilicholiacha.

Madhara ya kutegemea nafaka nayo yalianza kupimwa. Mwaka 1931 watafiti John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha uchunguzi wao wa afya ya Wamasai na Wakikuyu, wakaonyesha upungufu wa kiafya kwa watu waliotegemea nafaka karibu peke yake. Ripoti ilisomwa, lakini posho iliendelea kupimwa kwa ratili.

Lakini kilichobadilisha maisha ya uani hakikuwa kiwanda. Kilikuwa mashine ya kijijini. Katika miaka ya 1920 na 1930 vinu vya maji vilijengwa kwenye mito ya Kavirondo Kaskazini na ya nchi ya Wakikuyu, vingi vikiwa mali ya Waafrika wenyewe, mara nyingi watu kadhaa waliochanga fedha. Baadaye ikaja injini ya dizeli, na pamoja nayo mashine ya nyundo ambayo haijabadilika sana mpaka leo. Ni pipa la chuma lenye mhimili katikati; kwenye mhimili zimening'inia nyundo bapa zinazozunguka kwa kasi, zikiipiga punje hadi ipite kwenye wavu wa matundu madogo. Mkanda wa mpira huunganisha injini na pipa. Mahindi huingia juu, na unga hutoka chini kupitia mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba, ukiwa wa moto kana kwamba umetoka jikoni. Msagaji huwa mweupe hadi kope. Malipo ni kwa debe, na bomba la moshi husikika kijiji cha pili.

Foleni ya mashineni ikawa baraza jipya. Habari za ndoa, misiba na bei ziligawiwa pale, debe likisogezwa kwa mguu. Jambo jingine lilitokea ambalo vitabu vya maendeleo huligusa kwa nadra: kazi ilipotoka kwenye mchi, wanaume wakaikubali. Mvulana ambaye asingeonekana ametwanga hata kwa dawa alipakia gunia kwenye baiskeli akaenda kusaga, na hakuna aliyemcheka. Mkanda ulipokatika au dizeli ilipokwisha, kinu kilirudishwa uani, na mvulana akaendelea na shughuli zake.

Mashine pia ilibadilisha mbegu. Mahindi ya asili yenye punje ngumu hukoboleka vizuri kwa kinu, ganda likiachana na sehemu nyeupe ya ndani bila taabu. Punje laini zenye bonde kichwani, ambazo huzaa zaidi, husagika ovyo zikipigwa na mchi. Nyundo ya chuma haibagui. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara H611, iliyozaliwa kwa kuchanganya mahindi meupe ya Kenya na aina iliyotoka Ecuador, na wakulima waliipokea kwa kasi iliyowashangaza wataalamu. Mbegu za namna hiyo zilienea pale tu ambapo mashine ilikuwa karibu. Bila ya mashine, mwanamke angekuwa wa kwanza kuzikataa, na angekuwa na haki.

Mashine iliyosaga punje nzima ilitoa dona: unga wenye kila kitu, ganda, kiini na wanga, rangi yake ikielekea ukijivu. Sembe, unga uliokobolewa, ulibaki wa aliyeweza kukoboa kwanza au kununua dukani. Hapo ndipo cheo kilipoingia. Dona likawa la shule za bweni, la kambi, la kijiji. Sembe ikawa ya mjini na ya mgeni. Mwenye nyumba aliyepata ugeni wa ghafla alituma mtoto dukani kununua sembe hata kama pipa la dona lilikuwa limejaa.

Tanzania sembe ikawa jambo la dola. Siku chache baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, serikali ilitaifisha kampuni kubwa za kusaga nafaka, na mwaka uliofuata zikawa Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Meneja mkuu wake wa kwanza alikuwa J. K. Chande, ambaye familia yake ilikuwa miongoni mwa wenye viwanda vilivyotaifishwa. Shirika lilinunua mahindi kwa mkulima, likayakoboa, likauza sembe kwa bei iliyopangwa na serikali, chini ya gharama halisi. Kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mwanza ulikuwa wakati ambao unga wa tayari ulishindana kwa bei na ule wa kusaga mwenyewe. Hakuna tangazo la biashara lingeweza kuwafunza watu sembe haraka kuliko ruzuku hiyo.

Kisha mvua zikakosekana. Mwaka 1974 na 1975 nchi iliagiza nafaka kwa wingi, na miaka ya mwanzo ya 1980 ikabidi iagize tena. Sehemu ya mahindi hayo yalikuwa ya njano, kutoka Marekani, ambako zao la rangi hiyo ni la mifugo zaidi. Watu waliuita unga wake Yanga, kwa rangi ya jezi ya klabu, na mashabiki wa Simba hawakukosa la kusema. Kwa lishe unga huo ulizidi mweupe, kwa kuwa unjano wake ni karotini ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Kwa mlaji ilikuwa fedheha ya msaada, na yeyote aliyeula kwenye foleni za miaka ile hataki kuusikia. Foleni nazo zilikuwa na desturi zake: aliyeshindwa kusimama tangu alfajiri aliweka jiwe au kikapu mahali pake mbele ya duka la ushirika, na jiwe likaheshimiwa. Mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilikuja operesheni ya wahujumu uchumi, na gunia la sembe lililofichwa chini ya kitanda likatosha kumpeleka mtu mahakamani. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe ikaondolewa.

Bei ilipanda, miji ikanung'unika, lakini hakukuwa na moto barabarani. Zambia haikuwa hivyo: Desemba 1986 serikali ilipopandisha bei ya unga mweupe, ghasia zilizuka kwenye miji ya shaba, watu wakafa, ikabidi ruzuku irudishwe. Tofauti moja ilikuwa kwamba mji wa Tanzania haukuwa umekata kamba na shamba. Mwenye ndugu Iringa au Songea aliletewa gunia kwa basi, akatafuta mashine mtaani.

Kenya ilifika hapo kwa njia ya bodi. Bodi ya mahindi iliyoundwa kabla ya uhuru ilibadilishwa majina hadi ikawa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, mwaka 1979. Kwa miongo mingi sheria ilizuia kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Viwanda vikubwa vilipewa mahindi na bodi, vikauza unga mweupe wa pakiti mijini. Mwenye mashine ndogo ya posho jijini Nairobi hakuwa na mahali halali pa kupata mahindi ya kutosha. Kwa hiyo mkazi wa mtaa wa maskini alinunua unga wa gharama ya juu kwa sababu wa nafuu ulikuwa umefungiwa njia. Vizuizi hivyo vilipoondolewa mwishoni mwa 1993, mahindi yalimiminika masokoni, na familia nyingi za kipato cha chini zikaiacha pakiti zikaenda kununua mahindi kwa gorogoro, kile kikopo cha kilo 2, na kuyasaga mtaani. Wataalamu walikuwa wamedhani kwamba mwananchi wa mjini alikuwa ameshaamua hataki tena unga wa mashine. Ilikuwa bei tu.

Dar es Salaam kulegezwa kwa masharti kulizaa kitu kingine. NMC ilidhoofika, viwanda vyake vikauzwa, na nafasi yake ikachukuliwa na vinu vidogo vya Manzese, Tandale na vitongoji vingine. Lori hushusha mahindi ya Kibaigwa au ya nyanda za juu kusini. Mashine ya kwanza hukoboa, ya pili husaga, kijana hushona mdomo wa kiroba kwa cherehani ya mkono. Viroba vya kilo 5, 10, 25 na 50 huondoka na maguta kwenda maduka ya mitaani, vingi vikiwa na picha ya gunzi na jina ambalo halijulikani nje ya wilaya mbili. Karibu robo ya uzito wa mahindi hubaki kiwandani kama pumba, nazo hazitupwi: mfugaji wa kuku huzisubiri mlangoni. Kwa maneno mengine kuku wa mjini hula ganda na kiini, binadamu hula wanga.

Hoja ya lishe imesimama hapo. Kiini cha punje ndicho chenye mafuta, na pamoja na ganda ndiko yaliko madini ya chuma na zinki na sehemu kubwa ya vitamini B. Sembe hupoteza vyote hivyo kwa kiasi kikubwa. Lakini mafuta hayo hayo ndiyo yanayoliharibu dona, maana baada ya wiki kadhaa huanza kutoa harufu na uchungu, ilhali sembe hukaa miezi. Mwenye duka hawezi kuuza kinachooza rafuni. Mara nyingi husemwa kwamba watu walichagua sembe kwa kupenda weupe, na ni kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ni kwamba rafu ilichagua kwa niaba yao.

Serikali zilijaribu kurudisha kiwandani kile ambacho kiwanda kilikitoa. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubisho kwenye vyakula mwaka 2011, na Kenya ikafanya urutubishaji wa unga wa mahindi wa pakiti kuwa wa lazima mwaka 2012. Kwa viwanda vikubwa agizo hilo hutekelezeka. Kwa maelfu ya mashine za mitaani ni vigumu, ingawa vifaa vidogo vya kudondosha virutubisho vimeanza kufungwa kwenye baadhi yake. Tokeo lake lina kejeli: unga mweupe wa kampuni huja umetiwa chuma na vitamini A, na sembe ya kukobolewa mtaani, ambayo mnunuzi huiamini kwa kuwa ameiona ikisagwa, haina kitu. Dona nalo limerudi kwa mlango wa mbele, likiwa kwenye pakiti nzuri katika maduka makubwa, kwa bei isiyopungua ya sembe. Pembeni yake hukaa unga wa lishe wenye ulezi, mtama na soya, yaani vyakula vya kabla ya mahindi, vikiuzwa kama uvumbuzi.

Wale wanaodhani cha nyumbani ni salama daima walikutana na sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walikufa baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Mengi yalikuwa yamelimwa na kuhifadhiwa na walaji wenyewe, yakavunwa yakiwa na unyevu na kurundikwa ndani. Mwaka 2016 maradhi hayo yalizuka Dodoma na Manyara, wakaugua watu 68 na kufa 20. Kinu cha zamani kiliondoa sehemu ya hatari hiyo bila mtu kujua, kwa kuwa ukungu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini na kwenye punje mbovu ambazo mpepetaji huzitupa kwa macho. Pakiti nayo si kinga. Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa kuzidi kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, cha sehemu 10 za sumukuvu kwa bilioni. Kinacholinda ni mahindi kukauka vizuri kabla ya kuingia ghalani, na hilo hufanyika shambani, mbali na kinu na kiwanda.

Pakiti ya kilo 2 sasa ndiyo kipimo cha serikali nchini Kenya kama kibaba kilivyokuwa kipimo cha msafara. Mei 2017, miezi michache kabla ya uchaguzi, bei ilipanda hadi serikali ikalipia tofauti ili pakiti iuzwe shilingi 90. Baadhi ya mahindi meupe yaliyoziba pengo yaliteremshwa bandarini Mombasa kutoka Mexico, kule kule mmea ulikotoka. Yalikobolewa na mashine, yakasagwa na mashine, yakafungwa na mashine, na kwa siku kadhaa akina mama walipanga foleni madukani, pakiti mbili kwa kila mtu katika baadhi ya maduka.

Kinu hakijatoweka. Katika nyumba nyingi za Tanzania kimesimama nyuma ya mlango au chini ya mwembe, mdomo wake umepasuka kidogo, kikitumika kwa karanga, vitunguu saumu, pilipili manga na kisamvu. Sokoni, kisamvu nacho kinauzwa kikiwa kimeshasagwa kwa mashine, kimefungwa tayari kwa kutiwa nazi.